Chupa ya Mlangoni

Mtu aliyekwenda polisi mwenyewe kuripoti wizi, kisha akafungwa kwa wizi huohuo, ana haki ya kukasirika. Gédéon hakuwa amekasirika. Alikuwa amekaa chini mwisho wa kasho, chumba cha mahabusu, mgongo ukutani, akimtazama Inspekta Venant kama mwanafunzi anayesubiri swali la mtihani.

Venant alifungua kufuli kwa mkono wake kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kulifungua. Tangu habari za kuanguka kwa Bukavu zifike Uvira, wenzake wa ofisi walikuwa wamevuka mpaka wa Kavimvira mmoja mmoja, wengine wakiaga, wengine wakijifanya wanatoka kununua sigara. Mke wake na binti yake Bernardine nao walikuwa Bujumbura. Yeye alibaki kwa ukaidi tu, na ukaidi ule sasa ulikuwa umemchosha. Asubuhi alifagia ofisi peke yake, akanywa chai peke yake, akamsalimia mbuzi wa jirani ili asikie sauti ya mtu ikisema jambo.

Shauri lenyewe lilikuwa la chupa moja ya plastiki, bapa, inayoenea kiganjani. Ilipotea katika maabara ndogo ya Profesa Frédéric, kwenye barabara ya Kalundu, umeme ulipokatika na askari waliokuwa wakikimbia wakafyonza mazuti yote ya jenereta. Profesa mwenyewe alikuwa ng'ambo, na simu yake haikupatikana. Mjini maneno yalikwisha kuota miguu: maabara ile inafuga watu ndani ya chupa, na Gédéon, fundi wake, ameuza sumu kwa adui aitie ziwani. Kapiteni mmoja aliyejikabidhi mji wakati wakubwa wake hawaonekani aliyaamini hayo, au alijifanya kuyaamini. Boti yake ilikuwa inaondoka Kalundu jua likizama, na alitaka kumchukua Gédéon. Venant alikuwa ameshawaona watu wakichukuliwa na boti ile, na hakuwa amemwona yeyote akirudi. Alibishana mpaka akapewa siku hiyo moja: alete chupa, la sivyo mtu aondoke.

Na Uvira, jua haliendi mbali. Mlima unalimeza mapema.

Venant alipindua ndoo akaikalia. Alimwomba Gédéon amweleze tena, kwa maneno ya mtu ambaye shule yake iliishia kwenye sheria.

"Papa Inspekta, seli ya ngozi inajua kazi moja tu, kuwa ngozi," Gédéon alisema. "Shiye tunaiwekea vintu vine vya kuisahaulisha ile kazi. Nyingi zinakufa. Chache zinarudi vile zilikuwa mu tumbo la mama, mbele mwili haujagawa kazi. Kisha unaweza kuzifundisha upya: kuweni damu."

Damu ndiyo waliyokuwa wakiitafuta. Walikata kipande cha ngozi kama punje ya mchele kwenye mkono wa mtoto mwenye SS, ule ugonjwa wa damu unaowavunja watoto mifupa kwa maumivu na kuwaua mapema. Wakaipeleka ile ngozi nyuma mpaka mwanzo wake, ili baadaye waigeuze damu, waione ikiharibika mbele ya macho yao na kuijaribia dawa bila kumgusa mtoto. Mtoto wa safari hii aliitwa Chance, wa Luvungi. Barabara ilipofungwa hakupata damu ya kuongezewa, akafa. Ngozi yake iliendelea kuishi ndani ya sanduku la joto, pale maabara.

"Basi hiyo ndiyo iliyoibwa," Venant alisema.

"Hapana. Ya Chance niliikuta. Ilikuwa imekufa kwa baridi, lakini niliikuta. Chupa yenye haiko ni yangu."

"Yako vipi?"

"Ngozi yangu minye. Tunaweka ya mugonjwa na ya muntu muzima, tulinganishe. Haina bei, Papa. Hata kesho unaweza kunikata ingine."

Venant alikuna kidevu. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa ameona wezi wa ng'ombe, wa injini za mitumbwi, hata wa mlango wa kanisa. Mwizi wa kipande cha mtu ambaye mwenyewe yuko palepale, na hana bei, huyu alikuwa mgeni. Akauliza kama mtu angeweza kukosea chupa. Gédéon alisema inawezekana: zote zinafanana, na alama zake anazisoma yeye na Profesa tu.

"Zilikaa wapi ndani ya sanduku?"

"Wagonjwa nyuma kabisa. Mulango ukifunguliwa, baridi inapata wa mbele kwanza. Ile yangu inakaa ku mulango, iko na nguvu, inaweza kuvumilia."

Waliowahi kuingia mle walikuwa wengi mno: wanafunzi, wageni wa Profesa, wauguzi wa vituo vyote vya bonde waliofundishwa kukata ngozi na kuileta. Wengi wao walikwisha kuvuka. Venant alisimama. Gédéon hakuomba atetewe, aliuliza tu kama kuna mtu aliyekuja kumtafuta. Hapakuwa na mtu. Watu wake walikuwa wamepanda mtumbwi kwenda Burundi wakidhani atawafuata, na Venant aliona afadhali amwambie ukweli kuliko kumdanganya.

*

Mlango wa maabara haukumwambia kitu, kwa kuwa kufuli lilivunjwa na askari wa mazuti. Vitu vilivyobaki ndivyo vilivyosema. Hadubini ilikuwa chini ya kitambaa chake. Pipa la aluminiamu la kuhifadhia vitu kwenye baridi kali, tupu tangu gesi yake ilipoacha kuja kutoka Bujumbura, lilikuwa kwenye kona, na fundi yeyote wa sufuria sokoni angelilipia vizuri. Mwizi alipita mbele ya mali yote hiyo akachukua chupa ya kiganjani.

Kisha aliona vizibo. Kimoja kilikuwa mezani, chenye tundu lililozibwa kwa utando mweupe. Kando yake palikuwa na pakiti ya vizibo vigumu, imechanwa. Gédéon alikuwa amemweleza habari hizo: chupa ikiwa ndani ya sanduku lazima ipumue, kwa hiyo inavaa kizibo chenye tundu, ikitolewa nje inavishwa kigumu, la sivyo maji yake ya waridi yanaharibika na seli zinakufa. Ndani ya pipa la taka palikuwa na pamba yenye doa la waridi, inanukia spiriti. Mtu alikuwa amemwaga tone, akafuta meza.

Venant alicheka, ingawa hapakuwa na wa kucheka naye. Mwizi anayefuta meza! Huyu alimwona Gédéon akifanya kazi, na alitaka kilichomo kiendelee kuishi. Na kama alitaka kiishi, kilihitaji joto la mwili wa mtu, digrii thelathini na saba, si zaidi, si pungufu, mchana na usiku, katika mji usio na umeme. Venant aliacha kumtafuta mtu. Alianza kutafuta joto.

Kavimvira kulikuwa na Rénovat, mtotoleshaji wa vifaranga, aliyejulikana hata na polisi kwa kabati lake la taa za mafuta. Venant alipanda pikipiki ya ofisi akaenda. Rénovat alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya kabati kama mlinzi wa benki, kwa maana kila mteja wake alikuwa amekimbia na mayai yalikuwa hayajui habari za vita. Alifungua kwa kusitasita. Katikati ya mayai Venant aliona maji ya waridi ndani ya plastiki, akaingiza mkono haraka mpaka akaunguza kiwiko kwenye taa.

Ilikuwa chupa ya soda yenye vitamini ya vifaranga.

Rénovat alimpaka mafuta kwenye kiwiko huku akimsema kwa ukorofi. Hakuna mtu aliyemletea kitu cha kupasha joto. Na kama angekuwa na akili, angemwambia asimletee, kwa sababu mafuta yenyewe yamekwisha na jioni hii taa zinazima.

"Na mayai?" Venant aliuliza.

"Nitayagawa ku kuku za jirani. Taa inazimika, Chef. Kuku haizimike."

Venant alishukuru, akawasha pikipiki, akaizima tena. Alikaa juu yake kitambo barabarani, mtu mzima peke yake kwenye barabara isiyo na gari, akiwaza kuhusu kuku. Halafu akageuza kuelekea hospitali ya kuzalia.

*

Mkunga Pudentienne alikuwa amebaki na mama waliojifungua kabla ya wakati, kwa kuwa hao hawakuweza kukimbia. Sanduku la kuwatunzia watoto njiti lilikuwa limezima, na juu yake mtu alikuwa ameanika nepi. Watoto wenyewe walikuwa kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa kitenge kikavu, vichwa vidogo vimejitokeza chini ya videvu. Bernardine alizaliwa hivyo, na mke wa Venant alimbeba hivyo mpaka akanenepa. Venant aliwatazama wale wanawake akaumia kwa kuwakumbuka watu wake.

Akiwaza ile chupa ya mlangoni, alimuuliza Pudentienne swali moja tu. Sanduku likiwa linafanya kazi, na watoto wakiwa wengi, wanaolazwa wawili au watatu humohumo, nani anawekwa wapi?

"Mudogo kabisa, ule mwenye kuwa zaifu, anakaa mbele, ku mulango," Pudentienne alisema. "Niweze kumuona wa kwanza. Kukiwa hatari, mukono wangu unaenda kwake bila kufikiri."

Aliongeza kwamba hivyo ndivyo walivyofundishwa na Mama Sidonie, muuguzi wa siku nyingi, aliyezeeka katika kazi hiyo huko Lemera. Kumbeba mtoto kifuani pia waliambiwa na yeye. Siku hizi alikuwa amestaafu mambo ya uzazi, anazunguka vijijini kumkatia Profesa ngozi za watoto wa SS. Tangu risasi zianze hakuonekana. Walidhani amevuka.

Venant alishuka ngazi akikimbia. Jua lilikuwa limeshagusa mlima.

*

Nyumba ya Sidonie ilikuwa Mulongwe, katika safu ya nyumba zilizofungwa kwa nje. Ya kwake ilifungwa kwa ndani. Alipobisha, sauti ya mwanamke ilimwambia asukume na asiache upepo uingie.

Sidonie alikuwa ameketi juu ya godoro, ameegemea mto, kitenge kimembana kifua mpaka shingoni. Mbele yake palikuwa na bugali baridi na ndagala. Redio haikuwapo, simu ilikuwa imekufa, makaa ya kupikia yaliisha jana yake na hapakuwa na jirani wa kuomba. Juu ya kichwa chake balbu ilining'inia, na swichi ilikuwa imeachwa imewashwa, ili umeme ukirudi ajue mara moja. Hakuuliza Venant amefuata nini. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu anayelala kwa kukaa.

"Ni joto?" Venant aliuliza, akionyesha kifua.

"Iko joto," alisema. "Sijamuacha hata kidogo."

Alieleza bila kuficha. Alisikia jenereta imezima, akatoka mbio kwenda maabara akidhani atamkuta Gédéon. Hakumkuta, askari walikuwa wameshapita. Akafungua sanduku gizani, akabadilisha kizibo kama alivyoona, akafuta, akafunga kifuani. Alichukua mmoja tu kwa sababu mwili mmoja unapasha mtoto mmoja. Ukiweka wawili, wote wanapata nusu. Umeme ukirudi, au Gédéon akija, atamkabidhi. Angekuja kuuliza habari zake, lakini kutembea mjini na risasi hizi na kitu kama hiki kifuani, hapana.

Venant alimwambia Gédéon yuko kasho. Alimwambia kwa sababu gani, na boti, na saa ilivyokwenda. Sidonie alishika kitenge kwa mikono miwili.

"Mwambie kapiteni chupa iko. Mwambie iko kwangu."

"Anataka kuiona, Mama. Anataka kuishika."

"Akiishika itakufa. Minye ndiye nilimukata Chance. Hakulia. Mama yake aliniambia: sasa iko mu mikono yako, usimutupe. Na mutoto amekufa, Papa Inspekta. Hiki ndicho kimebaki. Minye nitaenda niseme nini kwa ule mama?"

Hapo Venant aliichukia kazi yake waziwazi. Alikuwa na jambo la kumwambia ambalo lingemtoa pale, na hakuwa na lingine. Angeweza kumnyang'anya, mwanamke mzee aliyechoka, lakini mkono wake ulikataa. Alivuta kigoda, akaketi karibu.

"Ulichukua ya wapi mu sanduku?"

"Ya mbele. Ku mulango."

"Kwa nini ya mbele?"

Alimtazama kana kwamba ameuliza kwa nini watu wanakula. "Iko zaifu kuliko zote. Wazaifu wanakaa mbele."

"Gédéon hakusoma uzazi, Mama. Yeye anaficha wagonjwa nyuma, mbali na baridi ya mulango. Mbele anaweka mwenye nguvu."

Venant alimwona Sidonie akirudi maabara kwa mawazo, akifungua sanduku tena, akipeleka mkono ndani zaidi, nyuma, mahali ambapo hakuupeleka. Alilia bila sauti na bila kuinama, maana hata sasa alijizuia asije akaibana ile chupa.

"Na ya Chance?" aliuliza baadaye.

"Ilikutwa imekufa."

"Na huyu ni nani?"

"Ni Gédéon. Ngozi yake mwenyewe."

Nje kivuli cha mlima kilikuwa kimekwisha kufika barabarani. Halafu Sidonie alinyoosha mkono ainuliwe. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alikataa kuitoa chupa kifuani humo ndani; alisema itafika kwa kapiteni ikiwa na joto lake, kwa sababu hata huyu ni mtoto wa mtu.

*

Walimkuta kapiteni Kalundu, kando ya boti, injini inanguruma. Askari wake walikwisha kumtoa Gédéon kasho; alikuwa amefungwa mikono, ameketi kwenye ubao wa boti. Venant alieleza kwa ufupi, kiofisi, kana kwamba shauri hilo ni la kawaida: kifaa kimepatikana, hakikuuzwa, kilitunzwa na muuguzi wa mradi wakati wa hatari, mtuhumiwa hana kosa. Kapiteni alinyoosha kiganja.

Sidonie aligeuka upande wa ziwa, akaingiza mkono chini ya kitenge, akatoa. Chupa ilikuwa na ukungu wa jasho lake. Alimkabidhi kwa mikono miwili.

Kapiteni aliiinua kwenye mwanga uliobaki. Aliona maji ya waridi na chini yake utando usioonekana vizuri. Akafungua, akanusa, akaonekana kuudhika kwamba hainuki. Aliwauliza askari wake kama hii ndiyo sumu ya kuua ziwa zima, wakacheka, na yeye akacheka kidogo kwa sababu alilazimika. Venant alimwomba airudishie kizibo. Badala yake aliimimina kwenye mchanga, akaitupa chupa majini, akamwambia askari amfungue yule kijana kwa kuwa boti haina nafasi ya watu wa maji ya rangi.

Ilikwisha hivyo. Boti iliondoka bila Gédéon. Mchanga ulikunywa yale maji, na upande wa ng'ambo taa za Burundi zilianza kuwaka.

Gédéon alikuja kwao polepole, akisugua viganja. Shati lake lilikuwa wazi, vifungo havijafungwa, na alikuwa anatetemeka kwa baridi ya ziwa au kwa hofu iliyokuwa ikimtoka. Venant alimweleza chupa ilikuwa wapi siku zote hizo. Kijana alimtazama Sidonie, akatazama kitenge, akakosa pa kuweka macho.

"Nilitafuta Chance," Sidonie alimwambia. "Nilimuacha nyuma, afe na baridi. Nikabeba weye."

"Mama, minye…"

"Nyamaza. Sijakusamehe kuweka wagonjwa nyuma, na minye sijajisamehe."

Alimsogelea. Kwa vidole vya mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, alimfunga shati, kifungo kimoja baada ya kingine, kuanzia chini mpaka shingoni, akakaza kola, akaweka kiganja chake kifuani pa kijana kuona kama ana joto la kutosha. Aliona analo. Basi akaondoa mkono, akapanda barabara kuelekea Mulongwe peke yake, na hakuna kati ya wale wanaume wawili aliyejua neno la kumwita nalo arudi.